Uso wa Shaba Nyeusi

Vita vilikwisha, na kwa miaka ishirini na miwili nchi haikuwa na mahali pa kuwalilia wafu wake. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ikifika, wakubwa waliweka mashada kwenye nguzo ya saruji iliyokuwa mbele ya posta. Jeshi liliijenga kwa wiki mbili tu, ikawa inapakwa chokaa kila sherehe ikikaribia. Watu wa mjini waliiita Mshumaa, na siku nyingine zote za mwaka wachuuzi waliegemeza baiskeli zao hapo. Hatimaye serikali ikaunda kamati ya watu saba, ikaipa kilima kilichokuwa na tangi bovu la maji, ikasema jengeni kitu ambacho mtoto akikiona atauliza.

Kamati iligombana mwaka mzima. Mmoja alitaka kifaru halisi cha vita kipandishwe juu ya jukwaa. Mwingine alitaka mnara mrefu kuliko jengo la benki. Majina nayo yakaleta mvutano wake: wanajeshi walitaka wenye vyeo watangulie, raia wakataka alfabeti. Aliyewamaliza wote ni msanifu majengo, mwanamke mfupi asiyependa maneno, aliyekuja na kielelezo cha kadibodi akakiweka mezani bila hotuba. Ndani yake hamkuwa na kitu cha kupanda. Njia ilishuka. Ilikata kilima polepole, ukuta wa jiwe jeusi ukiwa upande wa kushoto, na majina yakapangwa kwa tarehe za kufa, kuruta kando ya meja, kama walivyoanguka. Kadiri mtu anavyotembea, kelele za barabarani zinamwacha, mpaka anabaki akisikia viatu vyake mwenyewe. Mwisho wa njia amesimama askari mmoja wa shaba nyeusi, bila jukwaa, usawa wa watu, kofia ya chuma mkononi na kichwa wazi.

Mjumbe mmoja aliuliza ni askari gani huyo anayevua kofia vitani.

"Aliyefika," alijibu msanifu.

Wakapiga kura, mchoro ukapita. Kazi ya kumtengeneza askari huyo akapewa Mchongaji.

Mchongaji alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, mwalimu wa uchongaji chuoni. Viganja vyake vilikuwa vigumu hata wanafunzi walitaniana kwamba ukipeana naye mkono umepeana na tofali. Alitumia jina la marehemu mumewe, kwa hiyo kwenye kamati hakuna aliyejua ni binti wa nani. Hakuficha. Hakuulizwa tu, naye hakuona sababu ya kumjibu asiyemwuliza.

Kwao walizaliwa wawili. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja mama yake alipopata mimba nyingine, wakati majirani walishaamini kwamba mlango umefungwa. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, wakambandika jina la utani la Chelewa, likamganda mpaka shuleni. Mama alikuwa mshonaji, kutwa yuko kwenye cherehani, kwa hiyo dada mtu ndiye aliyelea. Alimbeba, alimlisha, na kila asubuhi kwa miaka mitano alimwosha uso kwenye beseni la bati kabla hajajiandaa mwenyewe kwenda shule. Chelewa alichukia maji. Ilibidi dada amshike kidevu kwa mkono wa kushoto na kumsugua kwa wa kulia, puani, masikioni, kwenye pembe za macho, huku mtoto akipiga mayowe kama anayechinjwa.

Alichukuliwa jeshini akiwa na miaka kumi na tisa. Miezi saba baadaye walikuja askari wawili na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya mistari mitatu iliyosema kwamba kijana wao amefariki dunia akiwa chini ya ulinzi. Baba yao alikuwa karani wa reli, mtu aliyeishi na nyaraka, akaelewa palepale. Aliyeuawa na adui hafi chini ya ulinzi. Aliingia ndani, akakusanya picha zote za Chelewa, hata ile ya darasa la kwanza aliyopigwa na wenzake arobaini, akazichoma kwenye jiko la mkaa uani. Kisha akasema jina hilo lisitajwe tena. Msiba haukuwekwa. Majirani walijua, kwa sababu majirani hujua, wakawa wanapita mlangoni wakitazama ng'ambo ya barabara. Baba alikufa miaka sita baadaye bila kulitaja jina hilo. Mama aliendelea kushona.

Orodha ya majina ilipotoka jeshini, msanifu alimpa Mchongaji nakala ili aone ukuta utakavyokuwa. Aliisoma siku mbili, jina kwa jina, akijua analolitafuta hatalikuta. Hakulikuta.

Kazi yenyewe ilianza vizuri. Alisuka kiunzi cha nondo na waya kwenye karakana ya chuo, akakivika udongo, na kwa ajili ya mwili akamsimamisha mwalimu wa michezo, ambaye alilalamika kwamba kusimama tu kunachosha kuliko kukimbia. Mwezi mmoja, mwili ukawa tayari. Kuhusu uso aliamua kwamba usiwe wa mtu yeyote. Alitaka kila mzazi akifika pale aweze kumwona wake. Alichukua paji la uso kwa huyu, taya kwa yule, akachanganya.

Asubuhi moja, wiki ya tano, aliondoa matambara mabichi aliyofunikia udongo usikauke, akarudi nyuma hatua tatu kama ilivyokuwa kawaida yake. Akamwona mdogo wake.

Ieleweke kwamba alikuwa amemsahau. Sauti ya Chelewa aliikumbuka, na mwendo wake wa kuburuza kandambili, lakini uso ulifutika zamani, kana kwamba siku ile baba alichoma na picha zilizokuwa vichwani mwao. Usiku mwingi wa ujane wake alijaribu kuuita usije. Sasa huyu hapa, amesimama kwenye mwanga wa saa mbili asubuhi, na kwenye nyusi ya kushoto kuna pengo dogo, pale alipoangukia ukingo wa beseni akiwa na miaka mitatu na nywele zisiote tena. Mchongaji hakukumbuka kuliweka pengo hilo.

Alichukua waya wa kukatia udongo, akaung'oa uso mzima, akautupa kwenye pipa. Akaanza upya, safari hii akiwa amebandika mbele yake picha ya mchezaji mpira aliyoikata gazetini, naye akawa anaifuata kama mwanafunzi anayenakili ubaoni. Siku ya tisa pua ilijinyoosha, mdomo ukajaa, Chelewa akarudi. Akamng'oa tena. Mara ya tatu akasema potelea mbali, hatatazama picha wala kukumbuka chochote, atafuata vipimo tu, bikari na rula. Akiwa katikati ya kazi akajikuta anatazama mikono yake. Wa kushoto ulikuwa umeshika kidevu cha sanamu. Wa kulia, kwa ncha ya kidole gumba, ulikuwa ukipita kwenye pembe za macho, kisha kando ya pua, kisha nyuma ya sikio.

Mikono ilikuwa inamwosha.

Aliketi sakafuni kwenye vumbi la plasta, akacheka kidogo, akalia zaidi ya alivyocheka. Hakumng'oa tena.

Tangu siku hiyo karakana ikawa nzito. Aliingia asubuhi akajikuta anasema umeamkaje. Wanafunzi walianza kushusha sauti wakifika mlangoni na wasijue kwa nini. Mwalimu wa michezo akatoa visingizio asirudi. Lililomshinda zaidi ni kumfunika. Udongo lazima ufunikwe kila jioni, na kila jioni alipovuta tambara bichi juu ya uso ule aliona anafunika maiti. Akawa anaanza miguuni, anapanda, na akifika shingoni anageuza macho.

Kamati ilikuja kukagua mwezi uliofuata. Saba wote walizunguka sanamu wakiipimapima kwa macho. Mwenyekiti alisema ni nzuri, tena anafanana na mpwa wake. Aliyenyamaza ni Kanali mstaafu, mjumbe wa jeshi, mtu mrefu wa suti ya kijivu aliyetembea kama bado anakaguliwa kwenye gwaride. Alisimama mbele ya uso. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamwuliza Mchongaji amemtumia nani.

"Hakuna mtu," alisema Mchongaji. "Umetoka mikononi."

Kanali aliigeukia kamati akasema uso ule ni wa kitoto mno, hauna ushujaa, anaomba ubadilishwe. Alisema kwa adabu, lakini kwenye paji lake jasho lilikuwa limetoka kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Wenzake walishangaa, hata hivyo mambo ya askari walimwachia yeye. Mchongaji akapewa siku kumi.

Hakugusa kitu. Siku ya sita, Jumamosi asubuhi, chuo kikiwa kimya, Kanali alirudi peke yake. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Alitaka kuiona tena, alisema, kama haisumbui. Mchongaji akaondoa tambara. Maji yakadondoka kutoka kwenye kitambaa hadi sakafuni.

"Ulimjua," alisema Mchongaji.

"Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

Kanali alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suti na yote. Halafu akaeleza. Hakuulizwa tena, na hakusimama mpaka alipomaliza.

Wakati ule alikuwa kapteni. Chelewa alikuwa mtu wa simu za vitani, kazi yake kutambaza nyaya toka handaki hadi handaki. Kwa siku nne walipigwa mizinga bila kupumzika. Mwenzake aliyekuwa akishika nyaya naye aliuawa kando yake, na kwa siku mbili hapakuwa na namna ya kumwondoa, kwa hiyo Chelewa alilala naye. Siku ya tano aliinuka, akaegemeza bunduki yake vizuri kwenye sanduku la simu, akaondoka kwa miguu, kweupe, bila kujificha. Walimpata kesho yake kwenye shamba moja nyuma ya mstari, karibu na makao ya kikosi chenyewe. Juma lile walikuwa wametoroka wengi, na amri ilikuwa imeshuka kwamba atakayepatikana awe mfano.

"Alikimbia," alisema Kanali. "Sitakudanganya. Alikimbia."

Maofisa watatu walikaa mezani, shauri likaisha kabla chai haijapoa. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote, akawa wa mwisho kutia sahihi.

"Mbili zilitosha. Kanuni ilitaka mbili. Sahihi yangu haikuhitajika, nami nilijua haihitajiki. Nikatia." Alitazama mikono yake. "Asubuhi nilikuwepo pale. Hakutazama bunduki. Alinitazama mimi, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi."

Kwa miaka ishirini na mitatu Mchongaji alikuwa amejiwekea tumaini moja, kwamba karatasi ile ilikosea, kwamba mdogo wake hakukimbia. Sasa tumaini lilikufa, na papo hapo akapewa kitu ambacho hakujua alikihitaji: bunduki iliyoegemezwa vizuri. Huyo alikuwa Chelewa kabisa. Hata akinuna na kutoka nyumbani kwa hasira, viatu vya watu alivipanga mlangoni kwanza. Alitamani kumrukia mzee huyu kwa kisu cha kukatia udongo kilichokuwa mkononi mwake. Badala yake alimwuliza kama bado anataka uso ubadilishwe.

Kanali alisema alitaka ubadilishwe kwa sababu kila mwaka, siku ya kumbukumbu, itambidi asimame mbele yake ampigie saluti. Kisha akasema uachwe. Kamati ataiambia ameridhika.

"Na jina lake ukutani?"

"Jina siwezi. Watauliza, na itabidi niwajibu mbele ya watu. Mimi ni mwoga, dada. Wengine walipigwa risasi kwa hilo."

Mchongaji alimwambia kwamba, kama ni hivyo, ajiandae kujibu mbele ya mtu mmoja tu. Mama yake Chelewa yu hai. Kanali aliinuka kutoka kwenye ndoo. Alijipangusa vumbi la plasta kwenye suruali, likakataa kutoka, akaondoka nalo.

Sanamu ikatiwa kwenye kalibu, nta ikayeyushwa, shaba ikamiminwa. Msanifu alikuja kuitazama ikiwa bado na joto la tanuri, akaishika bega, akasema afadhali hawakumpandisha jukwaani. Hakuuliza zaidi, ingawa Mchongaji alihisi kwamba macho yale hayakosi mengi.

Siku ya uzinduzi kilima kilijaa. Hotuba zilikuwa ndefu. Kanali alitembea mpaka mwisho wa njia na wenzake, akapiga saluti, na waliokuwa karibu walisema mkono wake ulikawia kushuka hata bendi ikabidi irudie. Baadaye ndipo watu walipoachiwa kupita. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la mwanamume alifika mbele ya sanamu akasimama kama aliyegota ukuta. Akasema huyu ni mwanangu. Nyuma yake mzee mmoja akasema hapana, mama, samahani, huyu ni kaka yangu, mtazame mdomo. Walibishana taratibu, kila mmoja akiwa na machozi, mwisho wakashikana mikono. Ikawa hivyo juma baada ya juma. Walikuja na picha zilizokunjika wakazilinganisha na uso wa shaba, na kila mmoja akaondoka ameridhika. Shavu la kushoto likaanza kung'aa kwa kuguswa.

Mama yake Mchongaji alikaa miezi miwili asiulize. Halafu Jumanne moja akaweka mkasi chini, akasema amesikia kuna kitu kilimani, apelekwe. Alikuwa na miaka sabini na miwili, anatembea kwa fimbo, macho yake bado makali kwa sababu ya tundu la sindano, alivyopenda kusema. Walishuka njia ile polepole. Ukutani hakutazama hata mara moja. Alipofika mbele ya askari alisimama mpaka mlinzi wa zamu, kijana mpole aliyezoea, akamsogelea kumkaribisha.

"Huyu ni mwanangu," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Kila anayefika husema hivyo. Ni wenu nyote."

"Sikusema ni wetu. Nimesema ni wangu." Akainua fimbo, akaelekeza ncha yake kwenye nyusi ya kushoto. "Hapo aliangukia beseni. Damu ilinichafulia gauni la bibi harusi wa watu."

Mlinzi akajitenga. Mama akamgeukia binti yake, na Mchongaji, mtu mzima aliyekwishafundisha vizazi vya wanafunzi, alijisikia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Kwa hiyo ulikuwa naye miezi yote hiyo," alisema mama. "Ukashinda naye kutwa, halafu jioni unakuja kwangu, unakula, unaniambia kazi inaendelea."

Mchongaji alijaribu kusema alitaka kumlinda na machungu. Mama akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ameujua muda mrefu, hauhitaji mlinzi. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mwili uko wapi?"

Mchongaji akampigia Kanali simu. Alhamisi asubuhi alikuja. Mama alimkaribisha kama mteja, akamwonyesha kiti kati ya marobota ya vitambaa, akaendelea kushona upindo huku anasikiliza. Kanali alieleza yote, na sahihi yake hakuiruka. Alipofika asubuhi ile ya mwisho, cherehani ikasimama.

"Alikula?" aliuliza mama.

Kanali hakuelewa.

"Asubuhi hiyo. Mlimpa chakula?"

"Alipewa chai, mama."

"Ya moto?"

"Ya moto."

Mama akaitikia kwa kichwa, akakata uzi. Alisema hatamwambia kwamba amemsamehe, maana hajui kama ni kweli, na umri wake hautaki tena kusema vitu asivyovijua. Anachotaka ni kupelekwa. Kanali akasema gari analo. Walipokuwa uani, mama akifunga mlango, Kanali alimnong'oneza Mchongaji kwamba hakumbuki kama kulikuwa na chai. Amejaribu kukumbuka. Mchongaji akamwambia ayafunge hayo, aende nayo kaburini kwake mwenyewe.

Walisafiri siku nzima, wakalala kwenye nyumba ya wageni, wakaamkia kwenye shamba lile alikokamatwa, na alikopigwa risasi. Mahali palikuwa pamebadilika. Palipokuwa na mahema sasa pana malisho na zizi la matofali. Kanali alitembea huku na huko kwenye nyasi, akihesabu hatua kutoka kwenye kisima, akasimama, akarudi, akaanza tena. Alikuwa na hakika kulikuwa na mti. Mti haukuwepo. Mwisho akasimama katikati ya malisho, mikono imelegea, na ng'ombe wakamtazama.

Mwenye shamba alitoka, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, akauliza wanatafuta nini. Kanali alipoeleza, mwanamke alimkagua toka juu hadi chini bila kupepesa. Akasema yeye mwenyewe alikuwepo hapa siku zile. Vita vilimkuta kijana, mumewe yuko mbali, ana ng'ombe kumi na mmoja na kisima kirefu. Kijana wanayemtafuta alitokea bondeni, hana bunduki, nguo zake zinanuka kifo. Hakuomba kitu. Alichukua kamba mkononi mwake, akaanza kuteka, akanywesha ng'ombe wote mmoja mmoja.

"Askari walipokuja niliwaambia huyu ni kibarua wangu," alisema. "Walikuwa wameshakubali. Walikuwa wanageuka kuondoka. Yeye mwenyewe akaweka ndoo chini, akawaambia hapana, mimi ni askari."

Hilo hakuna aliyeliandika popote. Mchongaji alimshika mama yake mkono, akakuta mama ndiye anayemshika yeye.

Mwanamke akaendelea. Miaka michache baada ya vita, walipochimba msingi wa zizi, walikuta mifupa. Watu saba, vifungo vya sare za pande zote mbili vimechanganyika. Mumewe alitaka waite serikali, lakini serikali ya siku zile nani angeijua ingekujaje. Wakawahamisha wote pamoja, wakawazika kando ya uzio, juu kidogo, maji yasipofika. Akawaongoza mpaka hapo. Palikuwa na tuta moja refu, na mawe yaliyopangwa kulizunguka. Magugu yalikuwa yameanza kuota kwa sababu ya mvua za juma lile.

Mchongaji aliuliza, kwa sauti ndogo, kama kuna namna yoyote ya kujua ni yupi. Mwanamke akasema hakuna. Mama yake akamwambia aache maswali. Alisimama mbele ya tuta akiegemea fimbo, akalitaja jina la mwanawe, si lile la utani, bali lile alilompa siku alipozaliwa. Lilikuwa halijasikika mdomoni mwake tangu siku ya bahasha. Alilitaja mara mbili, wazi, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Halafu akamwuliza mwenye shamba ni nani anayepalilia hapa.

"Mimi."

"Basi leo tusaidiane."

Mwanamke akaleta majembe mawili. Mama akapewa kiti kidogo, akawa anang'oa kwa mkono yale yaliyokuwa karibu naye. Kanali akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akapokea jembe bila kuambiwa, akalima mpaka shati likagandamana na mgongo. Hakuna aliyezungumza naye, wala hakuna aliyemfukuza.

Juma lililofuata Kanali aliandika barua kwa mkono wake, akaisoma mwenyewe mbele ya kamati, pamoja na jina, tarehe na sahihi tatu. Wenzake walimsikiliza hadi mwisho. Mwenyekiti alimshukuru, akasema suala hilo ni la kisheria, litapelekwa panapohusika. Lilipelekwa, na huko liliko halijarudi. Msanifu peke yake alimfuata Kanali kwenye korido akamwambia kwamba kwenye ukuta wake, chini ya tarehe ile kama chini ya nyingine zote, kuna nafasi ya mstari mmoja. Ilikuwapo tangu mwanzo. Mtu hawezi kujenga ukuta kama ule akaamini orodha aliyopewa. Kanali hakurudi tena kwenye sherehe.

Mama hajaenda tena kilimani. Watu wa kumwona askari wapo wengi, alisema, na huyo wa shaba hana upweke. Kila baada ya miezi mitatu hupanda basi na mfuko wake, hulala kwa mwenye shamba siku mbili, wakapalilia na kupanga mawe yaliyosogezwa na ng'ombe. Binti yake huenda naye akipata nafasi. Chelewa hutajwa, lakini si sana. Mama na mwenye shamba wakikaa kwenye kizingiti cha zizi alasiri, mazungumzo yao mara nyingi ni ya ndama, na ya mvua, na ya bei ya vitambaa.